Swali la Nyibol kuhusu picha yangu ya mawimbi

Lodwar, Jumapili, Agosti 2013

Upepo ulianza kabla sijaamka na bado haujanyamaza. Ni ule wa kutoka upande wa ziwa, unaoingiza mchanga hadi kwenye chai. Joto nalo limekaa palepale. Nimelowesha leso nikaitundika mlangoni, kisha nikaketi chini, maana sakafu ya saruji ndiyo mahali pekee penye ubaridi katika nyumba ya mama.

Sijaandika hapa tangu Juni. Nyinyi wachache mnaonisoma mnakumbuka siku ile. Nilikuwa na furaha iliyopita kiasi, nikaweka picha, mkanipongeza. Leo naandika kuhusu picha ileile.

Ina kosa. Kosa ni langu.

Nieleze taratibu, kwa ajili yangu mwenyewe na kwa ajili ya atakayefika hapa mara ya kwanza. Naitwa Akai. Nimezaliwa Lodwar, nikasoma hapa mpaka kidato cha nne, nikaenda Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa tatu Ujerumani nikisomea uzamivu wa fizikia. Nimerudi nyumbani kwa wiki tatu kwa sababu mama aliteleza kisimani akavunjika mguu. Mguu unaunga vizuri. Anashinda kitandani akisuka vikapu vya mkoma na kulalamika kwamba chai yangu haina majani.

Kazi yangu kule ni kupiga picha mawimbi yaliyo ndani ya sumaku. Kila atomu ndani ya sumaku ni kama dira ndogo, na zote zimeelekea upande mmoja. Ukiiyumbisha moja, inamyumbisha jirani yake, naye jirani yake, na kule kuyumba kunasafiri. Atomu hazihami. Kinachosafiri ni kuyumba tu. Tunayaita mawimbi ya spini, na watu wanayatafuta kwa bidii kwa sababu huenda siku moja kompyuta zikabeba habari kwa mawimbi hayo badala ya umeme, bila kuchemka kama hii yangu inavyochemka sasa mapajani.

Lakini yanakwenda kasi mno. Hakuna kamera ya kawaida inayoyapata. Kwa hiyo tunatumia leza inayotoa mwanga kwa mipigo mifupi kupita akili: mpigo mmoja ukiuweka kando ya sekunde moja, ni kama sekunde moja kando ya miaka laki tatu. Mpigo wa kwanza unaigonga sumaku. Mpigo wa pili unapiga picha. Tunauchelewesha ule wa pili kwa kuupitisha njia ndefu kidogo: unasogeza kioo kwa unene wa unywele, na picha inayofuata inaonyesha kilichotokea nukta ndogo sana baadaye. Unasogeza tena, na tena, mpaka picha zile zinakuwa sinema.

Na sumaku inaonekanaje? Mwanga hutikisika kwa mwelekeo fulani. Ukipita ndani ya sumaku, ule mwelekeo hugeuka kidogo. Tunapima kugeuka huko.

Basi. Mwezi wa tano, baada ya miezi mingi ya picha za ukungu, niliona duara. Duara safi, lililotoka pale leza ilipogonga, likapanuka picha baada ya picha kama maji yaliyodondoshewa jiwe. Wenzangu walitoka vyumba vya pili kuja kuangalia. Profesa wangu, mtu ambaye huwa hasifu hata chakula, aliniwekea mkono begani. Tukaandika makala. Jina langu likatangulia. Tukaipeleka kwenye jarida kubwa, na wiki niliyopanda ndege kuja nyumbani wahakiki walijibu kwamba wameikubali, turekebishe tu maneno mawili matatu. Kilichobaki ni mimi kuidhinisha nakala ya mwisho. Muda wangu kule unaisha Desemba, na ombi la kuongezewa mwaka limeegemea makala hiyo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa Jumanne asubuhi.

Jumanne nilikwenda Kakuma. Lokwawi, niliyesoma naye darasa moja hapa mjini, anafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari ndani ya kambi ya wakimbizi. Alikuwa amenisumbua kwa simu tangu nifike: njoo uwaonyeshe wanafunzi wangu kwamba fizikia si ya vitabuni tu. Nikapata nafasi mbele, kwenye lori la Hassan, jirani yetu Msomali anayepeleka unga na sukari kule. Askari wawili walikaa juu ya mizigo na bunduki zao. Lami ya barabara ile imevunjika vibaya hivi kwamba madereva wanapita pembeni, kwenye mchanga. Hassan alinipa tende na kuniuliza kama ni kweli Ujerumani watu hawasalimiani. Nikamwambia wanasalimiana, ila mara moja tu kwa siku. Alicheka mpaka akakohoa.

Darasa lilikuwa la mabati, limejaa hadi kwenye madirisha. Lokwawi alikuwa ameazima projekta, na wanafunzi wakaziba mianya ya mwanga kwa maboksi. Niliwaeleza yote niliyoyaeleza hapo juu, kisha nikawaonyesha sinema yangu ya duara. Wakaguna. Wakaniomba niirudie. Nikairudia mara nne, na kila mara nilijiona nimekua kidogo.

Halafu akasimama mwanamke aliyekuwa ameketi benchi la nyuma. Anaitwa Nyibol. Lokwawi aliniambia baadaye kwamba alitoka Sudan Kusini akiwa mtoto, akaolewa hapohapo kambini, akaacha shule, na sasa ana miaka thelathini hivi na amerudi kidato cha tatu, huku watoto wake wawili wakiwa shule ya msingi ng'ambo ya ua.

"Madam, mimi niko na swali," alisema. "Hiyo taa yenu inagonga hiyo kitu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nikigonga sufuria, inatetemeka. Na sufuria haina sumaku. Sasa nyinyi mnajuaje hiyo duara ni ya sumaku, si ya kugongwa tu?"

Darasa zima lilicheka kusikia sufuria. Nyibol hakucheka. Alisubiri.

Nilitabasamu. Nikamwambia ni swali zuri sana, kama wanavyosema watu wanaotaka muda. Kisha nikamwambia kwamba mwanga tunaotumia kupiga picha ni wa aina maalumu, unaona sumaku tu.

"Inaona sumaku tu?"

"Sumaku tu."

"Haya. Asante madam."

Akaketi. Nikamwona akifungua daftari lake na kuandika jibu langu.

Jibu lile si kweli. Mwanga hugeuka ukipita kwenye sumaku, lakini pia hugeuka ukipita kwenye kioo kilichobanwa. Mtetemo wowote unaopita ndani ya kile kipande cha sumaku ninachokipiga picha unakibana na kukiachia, na kwenye picha zangu ungeweza kuonekana kama duara. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Nimewafundisha wengine.

Wanafunzi walipiga makofi, Lokwawi akanishukuru kwa maneno mengi, tukala wali na maharagwe nyumbani kwake. Sikusikia ladha yake.

Kwenye lori, wakati wa kurudi, Hassan aliniangalia mara mbili. "Dada, kuna mtu amekukosea kule?"

"Hapana. Mimi ndiye nimemkosea mtu."

"Umemuomba msamaha?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, akaongeza mwendo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Nimeshainuka mara mbili kwenda kumwangalia mama, na mama hana shida yoyote.

Kuna njia rahisi ya kujua kama duara ni la sumaku au ni la mtetemo. Unageuza sumaku kubwa inayokishika kipande, ili dira zote ndogo zielekee upande wa pili. Kama wimbi ni la sumaku, picha inajigeuza: palipokuwa peupe panakuwa peusi, peusi panakuwa peupe. Kama ni mtetemo tu, sauti inayopita ndani ya kitu kigumu, picha haijali. Inabaki ilivyo.

Nilipima hivyo mwezi wa tano. Nilipima pande zote mbili, kwa sababu ndiyo kanuni. Halafu kila mtu akaja kuangalia duara, na faili za upande wa pili zikabaki kwenye diski.

Moja niliifungua.

Ilikuwa mwezi wa sita, mchana, peke yangu ofisini. Niliifungua nikaona duara lilelile, peupe pakiwa palepale na peusi palepale. Halikujigeuza. Nikakaa nikiitazama kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Kisha nikajiambia kwamba nilikosea kuandika jina la faili, kwamba hii bila shaka ni ya upande wa kwanza. Nikaifunga. Sikufungua nyingine.

Kwa hiyo Nyibol hakunifundisha kitu nisichokijua. Aliniuliza, mbele ya watu, kitu nilichokuwa nimekifunga mwenyewe.

Jumatano nilitoa diski kwenye begi. Nilimwambia mama nina kazi, nikafunga mlango. Stima ilipotea saa nne, ikarudi saa saba, ikapotea tena. Nilikuwa nafanya kazi kwa betri, na zikiisha naenda kuchaji kwenye duka la Hassan, ambako kuna jenereta. Nilifungua faili zote, moja baada ya nyingine. Za upande wa kwanza, za upande wa pili, za sumaku dhaifu, za sumaku kali. Nilitafuta pia picha nilizozipiga za kurasa za daftari la maabara, ili nione kama kweli nilikosea jina.

Sikukosea. Mwandiko wangu, saa, upande, kila kitu kilikuwa sahihi.

Alhamisi nilipima ukubwa wa duara katika kila faili. Mawimbi ya spini hubadili tabia ukiongeza nguvu ya sumaku. Duara langu halikubadilika hata kidogo. Nikapiga hesabu ya kasi yake, ikaja mlemle kwenye kasi ya sauti ndani ya fuwele kama ile ya kipande changu. Nikaipiga tena kwa njia nyingine, nikitumaini. Ikaja ileile.

Ilikuwa sauti. Miezi yote ile nilikuwa nimepiga picha nzuri sana ya kitu kikitetemeka kwa kugongwa.

Nilitoka nje nikasimama uani. Jirani alipita na mbuzi wake akanisalimia kwa Kiturkana, ejok, nami nikamjibu ejok. Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Kilichokuja ni hesabu za namna nyingine. Nani angejua? Wahakiki hawakuuliza. Profesa hakuuliza. Ningeweza kuidhinisha nakala ya mwisho kwa kubofya mara moja, nikapata mwaka wangu, kisha mwaka huohuo nikapima upya na kusahihisha kwa utaratibu, kwa makala ya pili. Watu hufanya hivyo. Niliifikiria njia hiyo kwa makini, kama mtu anayepanga safari, na sitawadanganya kwamba niliichukia.

Nikamwendea mama. Sijui nilitaka nini kwake. Mama hajasoma fizikia, lakini picha ile ya duara niliipeleka studio nikaichapisha, naye ameibandika ukutani karibu na kalenda, na kila mgeni anayekuja kumpa pole ya mguu anaonyeshwa.

"Mama, ile picha nimeikosea," nilimwambia.

Hakuinua macho kutoka kwenye kikapu. "Si niliiona? Ni nzuri."

"Ni nzuri lakini si ile kitu niliyosema ni. Inabidi niwaambie kule."

"Na ukiwaambia, watakurudisha?"

"Labda."

Sasa akainua macho. "Akai, mimi nimeshawaambia watu unarudi huko mpaka mwisho wa mwaka kesho. Nimemwambia hata mchungaji. Unataka kunifanya mwongo?"

Kwa kweli nilikuwa nimetarajia maneno ya kunifariji, kama mtoto. Badala yake mama alikasirika, akanigeuzia mgongo kwa kadiri mguu wake unavyomruhusu. Baada ya muda akasema, bado akiangalia ukuta, "Nani anajua hiyo makosa?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na mama mmoja wa Kakuma. Yeye anashuku."

"Huyo wa Kakuma atakuwa anafikiria nini juu yako," mama alisema. "Haya, toka, mguu unaniuma."

Nilitoka. Sijui kama aliniruhusu au alinifukuza. Nilichukua kama ruhusa.

Ijumaa asubuhi niliandika barua kwa Profesa. Niliandika ya kwanza ndefu, yenye visingizio vingi: joto la maabara, foleni ya leza, haraka ya jarida. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa na aya tatu. Kwamba duara halijigeuzi sumaku ikigeuzwa. Kwamba kasi yake ni ya sauti. Kwamba mwezi wa sita nilifungua faili moja iliyoonyesha hivyo, nikaifunga bila kumwambia mtu. Aya ya tatu ilinichukua saa nzima. Niliambatisha picha sita, nikasubiri modemu ipate mtandao, na ule mstari wa kutuma kwenye skrini ulivyokuwa unajaa polepole nilikuwa nimekalia mikono yangu ili nisiikatize.

Ilikwenda.

Alinipigia mchana uleule. Nilikuwa nakoroga ugali, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikatoka uani. Alianza kwa kuuliza mguu wa mama. Kisha nilimsikia akibofya, akitazama picha zangu moja moja.

"Ni sauti," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipaswa kuuliza faili za upande wa pili. Sikuuliza."

"Zilikuwa kwangu."

"Ndiyo. Zilikuwa kwako." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Akai, kukosea nakuelewa. Mimi mwenyewe nimewahi kushangilia sauti. Lakini ile siku ya mwezi wa sita, ungekuja mlangoni kwangu. Ni hatua kumi na mbili. Nimekwisha kuzihesabu."

Nikasema samahani. Nilisema mara moja tu, na nilimaanisha.

Akaniambia makala lazima tuiondoe, na kwa kuwa jina langu limetangulia, barua ya kuiondoa niiandike mimi. Kuhusu mwaka wa nyongeza, hawezi kuahidi chochote. Atawaeleza wanaoamua kilichotokea, chote, pamoja na mwezi wa sita, na pamoja na kwamba nilijitokeza mwenyewe. Wakikataa, nitamaliza Desemba na nilicho nacho. Kisha akasema kuna wiki mbili za leza mwezi ujao ambazo mwenzetu mmoja hazitumii. Kama nazitaka, ni zangu.

"Nazitaka," nilisema, kabla hajamaliza.

Nilirudi jikoni nikakuta ugali umeshika chini. Tuliula hivyohivyo. Mama alikuwa amesikia sauti yangu uani lakini hakuuliza kitu mpaka tulipomaliza.

"Huyo mzungu amesema nini?"

"Amesema niandike barua nyingine. Na amenipa wiki mbili."

"Wiki mbili za nini?"

"Za kutafuta ile kitu yenyewe."

Akafikiri. "Basi mchungaji nitamwambia unarudi kwa wiki mbili kwanza," alisema, akasukuma sahani yake kwangu. Picha bado iko ukutani. Sijamwambia aitoe, naye hajaitoa.

Barua kwa mhariri niliituma jana asubuhi. Ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza. Maneno yakishatamkwa mara moja, mara ya pili hayakatai.

Jana mchana nikampigia Lokwawi, nikamwomba anitafutie Nyibol. Jumamosi kuna masomo ya ziada, kwa hiyo alikuwa shuleni. Nilisikia Lokwawi akimweleza ni nani, kisha sauti yake ikaja, ya tahadhari.

"Madam?"

Nikamwambia kwamba jibu nililompa Jumanne halikuwa sahihi. Kwamba mwanga wetu hauoni sumaku tu, unaona pia mtetemo, na kwamba nimeangalia tena na duara lile lote ni mtetemo. Nikamwomba alifute lile jibu kwenye daftari lake.

"Kwa hivyo ni sufuria?"

"Ni sufuria."

"Pole, madam."

Alisema pole kwa kweli, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa na ng'ombe, na hapo ndipo machozi ya Alhamisi yalipofika. Nilishika simu mbali na mdomo ili asisikie. Nikamweleza pia jinsi ya kugeuza sumaku na kulinganisha picha mbili. Akaniambia nirudie polepole, anaandika. Nikarudia. Alipomaliza kuandika akauliza:

"Sasa ile ya sumaku yenyewe iko wapi?"

Sikuwa na jibu, na safari hii nikasema sina. Nikamwambia nikilipata nitampigia, yeye kwanza, kabla ya wazungu. Akacheka na kusema atahifadhi ukurasa.

Nimelala nikiwa na swali hilo, na nimeamka nalo na upepo huu.

Leo asubuhi, kabla mama hajaamka, nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwezi wa tano kama ningekuwa na subira. Nilichukua picha ya upande wa kwanza nikaitoa kwenye picha ya upande wa pili. Sauti haijali upande, kwa hiyo ikijitoa yenyewe inabaki sifuri. Kinachobaki, kama kipo, ni cha sumaku. Duara langu lote zuri, lile lililokusanya watu mlangoni, liliyeyuka kwa mstari mmoja wa programu. Ilinichoma, lakini kidogo kuliko nilivyoogopa.

Kikabaki kijivu. Chembechembe, kama vumbi kwenye kioo.

Na ndani ya vumbi lile, kwenye faili tatu kati ya kumi na moja, kuna kama mikunjo miwili hafifu. Si ya duara. Imelala kuelekea upande mmoja, kama ambavyo nadharia inasema mawimbi ya spini yangependa kulala. Kwenye faili nyingine nane sioni kitu.

Moyo ulinidunda. Nikaufahamu mdundo ule. Ni uleule wa mwezi wa tano.

Kwa hiyo nimefunga kompyuta, nimekoroga chai, nimempa mama, ameilalamikia, nimerudi. Sijamtumia Profesa picha hizo. Sitazituma kutoka hapa. Tatu kati ya kumi na moja inaweza kuwa mawimbi, na inaweza kuwa macho ya mtu anayetaka sana kuona. Mimi huyo nimeshamjua. Ana akili ya kutosha kubadilisha jina la faili kichwani mwake na kuendelea na maisha.

Nimeandika mpango kwenye karatasi. Kila kipimo kifanywe pande zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Nguvu nne za sumaku, si moja. Mwenzangu ayabadilishe majina ya faili kwa namba ambazo mimi sizijui, nizipime zote kwanza, ndipo aniambie ipi ni ipi. Itachukua wiki mbili kamili na hakutakuwa na siku ya kuita watu waje kuangalia.

Naondoka Alhamisi. Dada yangu anakuja kutoka Kalokol kukaa na mama mpaka plasta itolewe. Nimeosha nguo, zimekauka ndani ya dakika ishirini na zimejaa mchanga.

Je, ile mikunjo miwili ni mawimbi, au ni tamaa yangu?

Sijui. Sijui kabisa, na ni muda mrefu tangu niandike neno hilo bila kuona aibu. Mwezi ujao nitaingia chumba kile chenye giza, nitapima upande wa kwanza, nitapima upande wa pili, na sitafungua hata picha moja mpaka zote ziwe zimekwisha. Zikitoka tupu, nitaandika kwenye daftari, kwa mkono wangu, kwamba ni tupu.